Mtu wa fizio anafanya nini hasa, na nikitaka kuwa mmoja naanzia wapi?

mwanagenzi07

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada maana nimezunguka kuuliza na kila mtu ananipa jibu lake. Nimemaliza sekondari, nimesoma fizikia, kemia na baiolojia, baiolojia ndo naiweza zaidi, fizikia ni ya wastani tu. Nyumbani wanataka niombe udaktari au uuguzi ila mimi moyo wangu uko kwenye fiziotherapia tangu bibi alivyopata kiharusi, kuna dada alikua anamfanyisha mazoezi na nilikua nakaa pembeni naangalia mwanzo mpaka mwisho. Sasa mjomba anasema hiyo ni kazi ya masaji, eti niende chuo miaka yote hiyo nikakande watu migongo?

Naomba kujua, kwanza kazi yenyewe kwa siku inakuaje, yani ukiamka ukaenda kazini unafanya nini. Pili nasoma nini na kwa muda gani mpaka niruhusiwe kushika mgonjwa. Tatu, mtu wa fizio ni kama daktari au yuko chini ya daktari? Na mlioifanya, mnaipenda? Natanguliza shukrani.

dada_wa_wodini

Mdogo wangu karibu. Mimi nafanya kazi hii hospitali, nipo wodini miaka mingi sasa na bado naipenda, kwaio ngoja nikueleze taratibu.

Kukanda kupo ila ni sehemu ndogo mno, kuna wiki nzima inapita sijamkanda mtu yeyote. Kazi yenyewe ni kumpima mtu anavyojongea, kutafuta kwanini hawezi kufanya kile anachotaka kufanya, alafu kumpangia njia ya kurudisha uwezo huo na kumsimamia mpaka aweze mwenyewe. Hiyo "kwanini" ndo inayotupeleka chuo miaka yote hiyo. Chukulia watu wawili wamekuja, wote mkono haupandi juu ya bega. Namwambia wa kwanza anyanyue mwenyewe, anaishia njiani. Kisha namwambia alegeze, nanyanyua mimi, nao unagoma palepale, hata nikisubiri. Huyo kiungo chenyewe kimekaza, bega limeganda, na nitamuuliza kama ana kisukari maana wenye kisukari wanapata sana hii kitu. Wa pili anashindwa mwenyewe ila nikinyanyua mimi mkono unapanda mpaka juu kabisa. Huyo kiungo kiko huru, shida iko kwenye msuli, kano au mshipa wa fahamu, na hapo nitaendelea kumpima mpaka nijue ni kipi. Malalamiko ni yaleyale ila mazoezi ya mmoja ukimpa mwenzake hujamsaidia chochote. Hakuna kukanda kutakakokuambia hivyo.

Siku yangu inaanza na kusoma mafaili, nani amelala vibaya, nani amefanyiwa upasuaji jana, presha zikoje, damu ikoje. Naongea na manesi maana wao ndo wamekaa na mgonjwa usiku kucha. Alafu nazunguka. Aliyebadilishwa nyonga, kama daktari wa upasuaji hana pingamizi, tunamsimamisha siku ileile au kesho yake, watu wanashangaa sana hapa wakidhani atalala wiki mbili, lakini kulala ndo kunaleta damu kuganda miguuni, mapafu kujaa na misuli kuisha. Kuna wagonjwa mahututi walioko kwenye mashine ya kupumulia, hao nawageuza, nasaidia kutoa makohozi kifuani, nachezesha viungo visikakamae, na wakianza kuzinduka tunaanza kuwakalisha. Watu wengi hawajui kabisa kwamba fizio tunafanya kazi na mapafu. Mtu aliyepasuliwa tumbo anaogopa kukohoa sababu ya maumivu, namfundisha akumbatie mto kwenye kidonda, avute pumzi ndefu, aishikilie kidogo, kisha aitoe kwa nguvu mdomo ukiwa wazi kama anapuliza ukungu kwenye kioo. Ni kitu kidogo hicho lakini kinamkinga na nimonia.

Sasa kiharusi maana umemtaja bibi. Kumkalisha mgonjwa wa kiharusi kwa mara ya kwanza ukiangalia kwa mbali unaona watu wawili wanamnyanyua mtu, basi. Ukisogea karibu ni hivi: napima presha kwanza. Namwambia akunje goti la upande mzima, namsaidia kukunja la upande uliopooza, tunageukia upande, mkono wangu mmoja uko nyuma ya bega kwenye ule mfupa wa mgongoni na mwingine kwenye nyonga, miguu inashuka kitandani wakati kiwiliwili kinapanda. Simvuti mkono uliopooza hata kidogo, misuli ya bega imelegea na ukivuta unalitoa bega mahali pake, utampa maumivu ya miezi. Akishakaa nahakikisha nyayo zote mbili zimegusa sakafu, nakaa mbele yake namwangalia usoni, rangi ikoje, macho yanazunguka? anaangukia upande gani? anajua kwamba anaanguka au hajui? Wengine ubongo umeusahau kabisa upande mmoja, ukimwambia niangalie anaangalia upande mmoja tu wa chumba. Dakika chache hizo zinaniambia mambo mengi kuliko faili zima. Na pia hatukimbilii, masaa 24 ya kwanza kumfanyisha mtu mazoezi mengi kwa nguvu kunaweza kumuumiza badala ya kumsaidia, tunaanza kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, muda mfupi.

Kuhusu daktari, sisi ni fani inayojitegemea. Hatuandiki dawa (nchi chache zinaruhusu waliosomea zaidi), hatufanyi upasuaji. Daktari anatafuta ugonjwa na kuutibu, sisi tunashughulika na mwili unavyofanya kazi na maisha ya mtu baada ya hapo. Kuna nchi mgonjwa anakuja kwetu moja kwa moja na kuna nchi lazima apitie kwa daktari. Kokote ulipo lakini utamuona mgonjwa wewe, utampima wewe, utaamua wewe, na ukikosea ni wewe.

fizio_mwaka_wa_tatu

Nije kwenye upande wa masomo maana ndo niko ndani yake sasaivi.

Kwanza mkuu usiogope fizikia ya wastani. Fizikia utakayokutana nayo ni ya nguvu, nyenzo, mizani na msuguano, mfano kwanini ukibeba mzigo mbali na mwili mgongo unaumia zaidi kuliko ukiukumbatia. Kinachoangusha watu mwaka wa kwanza ni anatomia. Hutakiwi kujua tu kwamba hapa kuna msuli, utajua unaanzia mfupa gani unaishia wapi, mshipa gani wa fahamu unauendesha, unafanya nini mguu ukiwa hewani na unafanya nini mguu ukiwa umekanyaga chini maana ni vitu viwili tofauti. Usikariri picha ya kitabu, jishike mwenyewe, mshike mwenzako, chora kwenye ngozi kwa kalamu. Sisi tulikua tunachorana mapaja na mabega darasani mpaka tukaacha kuona aibu, na ni muhimu maana baadae mikono yako ndo itakua macho yako.

Mbali na hapo kuna fiziolojia (mwili unavyofanya kazi), magonjwa, saikolojia, jinsi ya kusoma tafiti, tiba ya mifupa na misuli, tiba ya neva, kifua na moyo, watoto, wazee, wanawake wajawazito na waliojifungua. Halafu unajifunza kupima. Kuna kipima pembe, ni kama rula mbili zimeunganishwa kwa duara, unaweka kitovu chake kwenye kiungo na unasoma goti limekunja nyuzi ngapi. Kuna kupima nguvu za msuli kutoka 0 mpaka 5, 0 hakuna kitu kabisa, 1 unaona msuli unatikisika tu bila kiungo kusogea, 3 anaweza kunyanyua dhidi ya uzito wa mkono au mguu wake mwenyewe, 5 ni kawaida. Kuna kile kipimo cha mzee anainuka kwenye kiti, anatembea mita 3, anageuka, anarudi anakaa, na wewe umeshika saa. Kinaonekana cha kitoto ila kinakusaidia kuona nani yuko kwenye hatari ya kuanguka.

Muda unategemea na nchi. Kwingi ni digrii ya miaka 3 au 4, kuna sehemu unaweza anza na diploma ukajiendeleza. Uingereza digrii ni miaka 3 hivi na lazima ufikishe kama masaa 1000 ya kufanya kazi na wagonjwa ukiwa unasimamiwa. Marekani mfumo ni mwingine, unamaliza kwanza digrii ya kitu kingine alafu unasoma miaka kama 3 ya udaktari wa fiziotherapia, na kuna mtihani wa taifa kabla ya leseni. Kuna nchi ukimaliza chuo unaingia intaniship hospitali, ndipo unasajiliwa na baraza linalosimamia taaluma. Hapa naomba uwe makini sana mkuu, KABLA hujalipa hata shilingi moja ya ada nenda kwenye baraza la nchi yako uulize hicho chuo na hiyo kozi wanaitambua. Kuna vyuo vinatoa cheti kizuri cha kuning'iniza ukutani na baraza halikusajili, na bila usajili hushiki mgonjwa.

Kushika mgonjwa utaanza mapema tu ukiwa mwanafunzi, ila kwa kusimamiwa.

goti_jipya

Mimi sio mtaalam, mimi ni mgonjwa. Nilikatika kano ya ndani ya goti nikicheza mpira, nikafanyiwa upasuaji. Nilichokua sijui ni kwamba upasuaji ulikua ndo mwanzo. Fizio wangu wiki za kwanza alikua ananikalisha, anaweka taulo lililokunjwa chini ya kisigino, ananiambia kandamiza goti chini liguse kitanda, na mimi naangalia paja langu mwenyewe limelala halisikii. Nikimwambia nataka kukimbia ananijibu goti halijanyooka lote na paja halijaamka, tukikimbia leo utachechemea maisha. Alikua anapima kila mara na ananionyesha namba, kwaio hata nikikata tamaa naona kuna kitu kimesogea.

Uwanjani alinikatalia mpaka miezi 9 ipite na mguu ulioumia ufanane nguvu na mzima, nilikasirika sana ila alinieleza kwamba wanaowahi kurudi ndo wanaokatika tena. Yule mtu kuna siku hakunigusa kabisa, alikua anauliza maswali na kuangalia tu navyoshuka ngazi. Kwa hiyo mwambie mjomba wako, mimi nimetibiwa na mtu ambaye silaha yake kubwa ilikua macho na uvumilivu.

fizio_wa_watoto

Nimesoma wote hapo juu, mmesema vizuri, naongezea na sehemu moja natofautiana kidogo.

Dogo, hilo la masaji ni la zamani kuliko sisi sote. Mwaka 1894 kule London manesi wanne walianzisha chama cha wanamasaji waliosomea kazi, sababu wakati huo jina la masaji lilikua limechafuka, kuna nyumba zilikua zinafanya mambo mengine kwa mgongo wake, wakataka kuonyesha kwamba kuna watu wamefundishwa, wamefanya mtihani na wana maadili. Chama hicho ndo leo Chartered Society of Physiotherapy ya Uingereza. Kisha vikaja vita vya dunia na majeruhi wake, ikaja polio iliyoacha watoto wengi wamepooza, kukanda peke yake kukawa hakutoshi, mazoezi na upimaji vikachukua nafasi. Kwaio mjomba hajatunga, ametaja mzizi tu, mti umeshakua mkubwa.

Mimi nafanya na watoto. Mtindio wa ubongo, mguu kifundo (mtoto anazaliwa nyayo zimepinda), waliochelewa kukaa na kutembea, watoto njiti. Hapa mgonjwa wako hafuati maelekezo, huwezi kumwambia mtoto wa miezi kumi nyanyua kichwa mara kumi. Unamlaza kifudifudi juu ya paja la mama yake, unaweka kitu cha rangi kali mbele kidogo juu ya macho yake, na unasubiri. Akinyanyua kichwa sekunde mbili umepata zoezi. Na mgonjwa wa kweli ni familia nzima, mimi namuona mtoto nusu saa, mama yuko naye siku nzima, kwaio kazi yangu kubwa ni kumfundisha mama namna ya kumbeba, kumkalisha, kumlisha, kumvalisha ili kila kitu anachofanya nyumbani kiwe mazoezi. Mama akiondoka hajaelewa basi hiyo kliniki imepotea.

Ninapotofautiana ni kwa dada wa wodini hapo alipopita haraka kwenye kukanda. Mikono bado ina kazi yake, mtu mwenye maumivu makali ukimlegeza kidogo kwa mikono anapata mwanya wa kujongea, na kuna wagonjwa hawajaguswa kwa upole na mtu yeyote tangu waugue. Ninachopinga ni mtu kulazwa, akawekewa mashine ya umeme, akakandwa, akalipa, akarudi wiki ijayo hivohivo mwaka mzima bila kufundishwa afanye nini mwenyewe. Huko ukikuona kimbia, hiyo sio fani niliyosomea.

Kingine ambacho watu hawakuambii, utakutana na wasiopona. Kuna mtoto hatotembea na unalijua hilo kabla ya mama yake, na lengo linakua akae kwenye kitimwendo kinachomfaa mgongo usipinde, ale bila kupaliwa, aende shule. Ukiwa mtu wa kutaka kila anayeingia atoke anakimbia utaumia sana. Pia kuna kuandika, kila mgonjwa unaandika ulichokuta, ulichofanya na unachopanga. Na watu hawafanyi mazoezi nyumbani!! Ukiwapa mazoezi kumi hawafanyi hata moja. Mimi natoa mawili, matatu yakizidi, na nayafunga kwenye kitu ambacho mtu anafanya tayari, kila ukisubiri maji yachemke simama mguu mmoja, basi.

Ajira zipo, sio hospitali tu. Timu za michezo, viwandani na maofisini, nyumba za wazee, shule za watoto wenye ulemavu, mashirika ya misaada kwenye majanga, kufundisha chuo, au kliniki yako mwenyewe ukishakomaa. WHO wanakadiria watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambayo huduma za utengemao (za kumrudishia mtu uwezo wake) zingewasaidia, yani karibu mtu mmoja kati ya watatu, na wataalam ni wachache mno kwenye nchi nyingi. Mshahara sitakudanganya, unatofautiana sana nchi na nchi, ulizia huko ulipo kwa watu walioko kazini.

mwanagenzi07

Wakuu nawashukuru sana, sikutegemea majibu marefu hivi, nimempa mjomba simu asome mwenyewe, akafika kwenye mabega mawili ya dada wa wodini akarudia mara mbili.

Maswali mawili ya mwisho. Mimi ni msichana na mwili wangu mdogo, nitawezaje kumnyanyua mtu mzima? Na mnajuaje kwamba huyu sio wa mazoezi, huyu arudi kwa daktari? Hilo linaniogopesha.

dada_wa_wodini

Na mimi mwili mdogo mdogo wangu, na kuna wagonjwa wananizidi mara mbili. Hatunyanyui kwa nguvu ya mgongo. Unamwambia asogee mpaka ukingo wa kiti, miguu irudi nyuma chini ya magoti, ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, hapo uzito wake wenyewe unamtoa kwenye kiti, wewe unaongoza tu nyonga. Jaribu wewe sasaivi kusimama bila kuinama mbele uone kama utaweza. Tunatumia shuka la kutelezeshea, mkanda wa kushikia, mashine ya kunyanyulia ikiwepo, na asiyewezekana kwa mtu mmoja unaita wa pili, hakuna ushujaa hapo. Wanaoumia migongo kwenye kazi hii mara nyingi ni wale wanaoona aibu kuita mwenzao.

La pili ni zuri kwamba linakuogopesha, libaki hivyo. Kuna dalili utafundishwa na utaziuliza kila siku hata mtu akionekana mzima. Mtu wa mgongo unamuuliza mkojo unatoka kawaida? choo unakizuia? kuna ganzi sehemu za siri au pale unapokalia? Akisema ndio, hakuna mazoezi, huyo anaenda hospitali siku hiyohiyo maana mishipa ya fahamu ya chini inabanwa na ikichelewa anaweza asirudi kuwa sawa. Maumivu yasiyopoa hata akilala, kupungua uzito bila sababu, homa, aliwahi kuugua saratani, ameanguka na hawezi kukanyaga, hao wote wanarudi kwa daktari kwanza. Mguu mmoja umevimba na kuuma nyuma kwenye shavu la mguu, chini ya goti, baada ya kulala muda mrefu, usikande kabisa, hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda. Ndio maana anayekanda bila kusoma anatutia hofu, mikono inaweza kuwa mizuri ila haulizi.

Kabla ya kujaza fomu fanya hivi, andika barua fupi kwa mkuu wa kitengo cha fiziotherapia hospitali iliyo karibu nawe, omba kukaa siku kadhaa uangalie tu. Omba wodi ya kiharusi na kliniki ya watoto, usiombe ya wanamichezo peke yake. Vaa viatu vya chini, kaa kimya mbele ya mgonjwa, maswali yako uyaandike uulize mkishatoka. Wakikukubalia rudi hapa utuambie umeona nini, nitakusaidia na barua ya maombi ya chuo.